Vidonge vya Shavu

“Weka chini hilo beseni! Mchele wako haupikwi hapa.”

“Mama Goodness, mchele una kosa gani?”

“Una kosa la mwenye nao! Umeununulia nini huo? Si vidonge vyako? Si mashavu ya mwanangu? Kawapelekee wengine. Sisi tumeshakula vya kwako, tumeshiba!”

Fortunata alibaki amesimama katikati ya ua, beseni ameliegemeza kwenye nyonga, hajui aliweke chini au arudi nalo alikotoka. Kurudi kwenyewe si mbali, mlango wake unatazamana na wa Roda, huyo Mama Goodness. Ni zile nyumba za wapangaji za Tunduma, nyuma ya maegesho ya malori: milango sita, bomba moja, choo kimoja, na habari moja ikiingia inawatosha wote.

Na siku hiyo ua ulikuwa umefurika, walikuwa wanaanua matanga. Turubai la kanisa limefungwa kutoka kwenye paa hadi kwenye mparachichi, masufuria makubwa yanachemka, akina mama wa kwaya wanachambua majani ya maboga, wanaume wamejipanga kwenye mabenchi upande wa geti. Mikono yote ikasimama kwa pamoja. Hata Mama Clever wa chumba cha mwisho, mwanamke ambaye habari ya asubuhi ikimpita jioni anaumwa kichwa, alisimamisha kisu juu ya kitunguu.

“Nilikuja kusaidia tu,” Fortunata alisema.

“Umeshasaidia! Umemsaidia mpaka kaburini!” Roda alikuwa amefunga khanga ya msiba kiunoni, sauti imekwisha kwa kilio lakini bado inakwaruza. “Mbele ya watu hawa, kana. Sema hukumpa mwanangu vidonge.”

“Sikani.”

“Semeni mmesikia! Hakani!”

“Sikani, Mama Goodness. Nilimpa. Lakini muulize aliye...”

Hapo Fortunata akaliuma neno. Alilisikia limefika kwenye meno, zito, lina moto, akalirudisha lilikotoka.

“Malizia!” alisema mmoja wa mashangazi waliotoka Mbozi. “Aliye nani? Usimeze maneno, utavimbiwa.”

Lakini Fortunata hakumalizia. Neno lile lilikuwa linatosha kumsafisha yeye mbele ya mtaa mzima, na kummaliza Roda palepale alipo.

*

Wale wanawake wawili hawakuwa majirani wa juzi. Walihamia ua ule mwaka mmoja, matumbo mbele, na wakajifungua kwa kupishana. Roda akapata Goodness, Fortunata akapata Deus. Chumvi ikiisha huku, kuna mkono unagonga kule. Goodness alimwita Fortunata mama mdogo tangu alipojua kusema, na alipokua ndiye aliyekuwa anamsuka nywele Jumamosi, wamekaa kwenye kizingiti, wanamsema kila anayepita.

Basi mwaka huu posa ikaja. Kijana anaitwa Ezron, wa Nanyala, kwao wana mashamba ya kahawa, watu wa kanisa, watu wa heshima. Siku ya kutambulishana shangazi yake Ezron alimtazama Goodness kuanzia kisigino hadi utosi, akasema kwa sauti ya utani, “Mwali mzuri, jamani, hatukatai. Lakini huyu na debe la kahawa, nani atambeba mwenzake?”

Watu wakacheka. Goodness naye alicheka, na kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko cha wote. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba, akaingia kwa mama yake mdogo, akalia mpaka wanja ukafika kidevuni.

“Mama mdogo, naomba vile vya shavu.”

Kila mtu mtaani alivijua vidonge vya shavu. Vidogo, vyeupe, havina boksi wala jina. Fortunata alikuwa anavichukua upande wa pili wa mpaka, Nakonde, kwa mwanamke anaitwa Ba Violet, pamoja na mafuta ya kujipaka na vitenge. Vimefungwa kwenye vifuko vya nailoni kama bizari. Vinaitwa vya shavu kwa sababu kinachojaa kwanza ni shavu, uso unakuwa duara, halafu ndiyo mwili unafuata. Mabibi harusi wa Tunduma walikuwa wanavitumia kama wanavyotumia hina. Hakuna aliyeona ajabu, na Fortunata hakuona ajabu. Angeona ajabu asingempa mtoto aliyemshika mkono akitembea hatua zake za kwanza. Hilo alijiapia kila alfajiri tangu msiba, na kiapo hakikumsaidia kitu.

Goodness alinona. Alinona akapendeza, uso ukawa kama mwezi wa kumi na nne, na aliyefurahi kuliko wote alikuwa Roda. “Mnaona mwanangu? Furaha hiyo! Mwanamke akipendwa ananona!” Alimzungusha kwa mafundi nguo wote wa soko, gauni likaachiwa kila baada ya muda, miezi ikapita hivyo.

Halafu, wiki chache kabla ya sherehe ya sendoff, Roda akiwa anatandika kitanda, mkono ukagusa kifuko chini ya godoro. Akakijua. Alikuwa amesikia ushuhuda kanisani, dada mmoja kutoka Vwawa amesimama mbele na kusema vidonge vile vinafunga kizazi. Roda hakungoja. Alibeba kifuko kizima, akaenda chooni mbele ya macho ya wote, akavimwaga kwenye tundu la choo, akarudi akamwapisha binti yake kwa Biblia kwamba hatagusa tena hata kimoja. Goodness akaapa. Alikuwa mtoto wa kutii, tena akiapa ameapa.

“Nimevimwaga vyote!” Roda alitangaza bombani siku ile, akimtazama Fortunata machoni. “Mwanangu simwachii mtu amwozeshe tumbo.”

Fortunata alijaza ndoo yake, akanuna, akaondoka. Alichukia kusemwa mbele ya watu. Zaidi ya hapo hakujua lolote, na hakuna katika ua ule aliyejua.

*

Goodness alianza kuchoka. Mwanzoni walimtania, bibi harusi anaonea mume uvivu kabla hajafika kwake. Akisimama kizunguzungu, akila anatapika, tumbo linamkata, shavu linapungua siku hadi siku. Roda akasema ni sumu inatoka mwilini, akamchemshia majani. Kisha ikaja malaria, malaria ya kawaida, ile inayowapata watu wote mvua zikianza, wanameza dawa na kwenda sokoni. Goodness haikumwacha aende sokoni. Alianguka kwenye kizingiti akiwa ameshika kitana.

Hospitali waliuliza, kuna dawa yoyote anatumia? Roda akajibu haraka, kwa kujiamini, “Hatumii kitu, daktari. Huyu ni mtoto wa kanisani.” Na kwa Roda ule ulikuwa ukweli mtupu. Si alivimwaga mwenyewe?

Fortunata alikuwa mpakani alipopata habari. Kitu fulani kilimwambia asiende mikono mitupu. Alichukua kifuko kimoja, akapanda bodaboda, akamkuta daktari kijana anaitwa Lusubilo akitoka wodini, akamwekea kifuko mkononi na kusema, “Alikuwa anameza hivi. Nilimpa mimi. Kama mnanifunga nifungeni, lakini mjue.”

Daktari Lusubilo alikitazama, akakimbia. Fortunata hakuwahi kumwona daktari akikimbia. Walimchoma Goodness sindano, wakamtundikia dripu, na wakafanya kila kinachofanywa. Lakini mwili ulikuwa umeshaishiwa. Jua halijazama, alikuwa amekwenda.

Roda alianguka pale nje kwenye sakafu ya korido, akina mama wamemshika. Ndani ya chumba kidogo cha daktari waliingia wawili tu: Watson, mume wa Roda, ambaye bado alikuwa ameshika kandambili za binti yake, na Fortunata aliyeitwa kwa sababu ya kile kifuko.

Daktari alieleza polepole, kwa sababu aliwaona hawasikii vizuri. Alisema juu ya kila figo kuna tezi imekaa kama kofia. Tezi hizo zinatengeneza homoni inaitwa kotisoli, na bila kotisoli mtu hawezi kukabili msukosuko wowote: homa, njaa, hofu, jeraha. Presha inaanguka, sukari inaanguka. Lakini tezi hizo hazijitumi zenyewe. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine, ndogo kama punje ya njegere, inayoachia ujumbe kwenye damu, kipande kidogo cha protini. Ujumbe unafika kwenye seli za zile kofia, unagonga mlango, nazo zinachukua mafuta ya mwilini na kuyageuza kotisoli. Kila siku hivyo, asubuhi zaidi kuliko jioni, na mtu akiugua ujumbe unatumwa mwingi, mwingi sana.

“Sasa hivi vidonge,” alisema daktari, “ni jamii ya kotisoli, tena kali. Ukivimeza muda mrefu, ubongo unaona damu imejaa kotisoli, unaacha kutuma ujumbe. Seli haziitwi. Zisipoitwa zinasinyaa, zinalala. Mtu anaonekana amenona, kumbe anaishi kwa kidonge.”

Fortunata alikuwa mtu wa mpakani, akaelewa kwa namna ya mpakani. Aliwaona vijana wa kushusha mizigo, wamekaa kwenye gunia wakisubiri filimbi ya lori. Tajiri akileta mashine ya kunyanyulia, filimbi haipigwi tena. Vijana wanangoja, wanachoka, wanarudi kulima kwao Momba. Siku mashine inaondolewa ghafla, na malori yamefika yote kwa pamoja, unapiga filimbi mpaka shavu linapasuka. Nani aje?

“Kwa hiyo, daktari,” aliuliza, na hakutaka kujibiwa, “kilichomuua ni kumeza, au...”

“Kumeza ndiko kulikozilaza tezi. Kungemletea na mengine baadaye. Lakini kilichomuangusha sasa ni kukatishwa ghafla. Dawa hizi haziachwi kwa siku moja. Zinapunguzwa kidogo kidogo, daktari akiangalia, ili seli ziamke. Nani alimwambia aache?”

Watson aligeuza zile kandambili, nyayo zikatazama juu, akazigeuza tena.

“Asante, daktari,” alisema. Tangu hapo hakuzungumzia jambo lile na mtu yeyote.

*

Fortunata alifanya jambo moja tu baada ya mazishi. Alipita kwa kila aliyewahi kumuuzia, mlango kwa mlango, mchana kweupe, akisema sentensi ileile: usiviache leo, usivitupe, nenda hospitali wakupangie kuvishusha. Wengine walimfungia mlango usoni. Mama Clever hakufunga, kwa sababu mashavu yake mwenyewe yalikuwa yamejaa vizuri.

“Nisivitupe?” alishangaa. “Vimeua mtu, halafu nisivitupe?”

“Usivitupe, Mama Clever. Nenda hospitali. Nakuomba kwa jina la Mungu.”

Mama Clever alienda. Na Mama Clever si mjinga, mdomo mrefu haumaanishi kichwa kifupi. Aliporudi alikaa kitandani akajumlisha moja na moja, akakumbuka siku ya choo, akajifunika uso kwa khanga. Ajabu ya maajabu, habari ile haikutoka chumbani kwake.

Roda, yeye, alisema kwa kila aliyekuja kumpa pole: Fortunata ameniulia mwanangu. Mwenye nyumba akasikia, akamtaka Fortunata atafute kwingine mwezi ukiisha. Sokoni wanawake walianza kumpita kama wanavyoupita mtaro. Na yeye kila asubuhi aliamka na lile jibu mdomoni, analimeza na chai ya rangi.

*

Na sasa pale uani, mbele ya masufuria, Roda alikuwa amemsogelea mpaka wakapumuliana.

“Mimi nilipoviona nilivimwaga,” alisema, na sauti ilishuka, haikuwa tena ya ugomvi. “Watu wote hapa mashahidi. Nilivimwaga siku ileile. Nilipigana, Fortunata. Hiyo tu ndiyo inayonifanya nilale, kwamba nilipigana.”

“Najua.”

“Hujui! Wewe uliingia kwa daktari, mimi nikaachwa kwenye sakafu kama mzigo. Mume wangu nikimuuliza anatazama ukuta. Sasa niambie wewe. Alisema nini? Mtoto alikuwa ameacha, Fortunata. Ameacha kabisa. Kwa nini amekufa wakati ameshaacha?”

Kule kwenye benchi Watson alikuwa ameinamisha kichwa, viganja vimeshikana katikati ya magoti, na Fortunata aliona vidole vyake vinabanana.

Mama Clever ndiye aliyeteleza. Kitu kilimtoka kama chafya. “Lakini Mama Deus, si wewe uliyeniambia mtu asi...”

Fortunata alimgeukia. Hakukunja uso, hakumkonyeza. Alimtazama tu, na Mama Clever, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuiacha sentensi ikiwa nusu, alifumba mdomo, akafumbua, akaangalia kitunguu chake.

“...asichuje mchele kabla ya maji kuchemka,” alimalizia, machozi yakimtiririka. “Vitunguu hivi, jamani. Vikali.”

Fortunata aliweka beseni chini.

“Daktari alisema vidonge vilikuwa vimeshamharibu,” alisema. “Alisema kuna tezi juu ya figo, zinamlinda mtu akiugua. Vidonge vyangu vilikuwa vimezilaza tangu zamani. Malaria ilipokuja, hazikuamka.”

“Hata baada ya kuacha?”

“Hata baada ya kuacha.”

“Kwa hiyo nilichelewa.” Roda alishika kifua. “Ningevikuta mapema. Ningetandika kitanda kile mapema. Mama gani hajui kilicho chini ya godoro la mwanawe?”

“Hukuchelewa wewe,” Fortunata alisema. “Ni mimi niliyewahi. Wewe ulifanya anachofanya mama. Usimwache mtu akwambie vingine, hata nafsi yako isikwambie. Mimi ndiye niliyempa.”

Hakuna alichodanganya, ukichambua neno moja moja. Alikuwa ameacha tu neno moja nyuma, na hilo lilikuwa kubwa kuliko yote aliyoyasema.

Roda aliinua mkono. Wote walidhani anapiga. Mkono ulifika kwenye bega la Fortunata ukashika kitambaa cha blauzi, ukakikunja kwenye ngumi. Akamwangukia. Fortunata akamdaka, na kwa muda mfupi wale wawili walikuwa wamesimama kwa miguu ya mmoja.

“Alikuwa anakusuka wewe,” Roda alilia kwenye shingo yake. “Mimi alikuwa ananiambia amechoka, wewe anakusuka. Kwa nini ulimpa? Kwa nini ulimpa, Mama Deus?”

“Alilia,” Fortunata alisema. “Alinililia, nikashindwa.”

Mashangazi wakaja wakamtwaa Roda, wakamwingiza ndani. Ua ukabaki na watu wasiojua waangalie wapi. Shangazi wa Mbozi alisema kwa sauti ya kusikika, “Basi amekiri mwenyewe. Na aende zake sasa, watu wale chakula.”

Fortunata alikubali kwa kichwa. Alijifuta uso kwa ncha ya khanga, akaanza kuelekea kwake. Hatua zile chache kati ya mlango na mlango zilikuwa ndefu siku hiyo kuliko njia ya kwenda Ileje. Nyuma yake alisikia vifuniko vinafunuliwa, ugali unapakuliwa, harufu ya majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga inapanda, ile mboga ambayo Goodness alikuwa akiipika inaungua kila mara kwa sababu ya maongezi.

“Mama Deus.”

Alikuwa Watson. Fortunata hakuwahi kumwona mzee yule akiinua sauti, na hata sasa hakuiinua. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyumba yake, mlango wanakolia wafiwa, si kwenye turubai la wageni.

“Unakwenda wapi?”

“Nakwenda kwangu, Baba Goodness.”

“Chakula kinapakuliwa.”

“Baba Goodness, umesikia mwenyewe. Mimi ndiye...”

“Nimesikia.” Alishuka kizingiti, akaja mpaka aliposimama Fortunata, mbele ya kwaya, mbele ya mashangazi, mbele ya Mama Clever aliyekuwa amesahau kupumua. Macho yake yalikuwa mekundu, hayakumkwepa. “Na siku ile kwa daktari nilikuwepo. Nilisikia na yale.”

Fortunata alitazama mlango alimoingizwa Roda.

“Kaka, huyu?” shangazi aliuliza kwa mshangao kutoka kwenye masufuria. “Huyu ale na wafiwa?”

Watson hakugeuka. Alimnawisha Fortunata maji mikononi yeye mwenyewe, kutoka kwenye jagi lililokuwa kwenye stuli, polepole, kama anavyonawishwa mgeni aliyetoka mbali.

“Ingia ndani, Mama Deus,” alisema. “Ingia ukae na mwenzako, mle.”